Aliyeongeza Sauti ya Redio

Jina lililoandikwa kwenye mkataba wa nyumba hii ni langu. Si la mwanangu wala la mkewe. Ni langu, na sahihi iliyo chini yake ni yangu, herufi zimelala kama mbuzi waliochoka, maana shule yangu iliishia darasa la saba na baada ya hapo kalamu na mimi tulionana kwa nadra. Nilikuwa dobi wa hospitali. Mashuka ya wagonjwa yalipita mikononi mwangu miaka ishirini na sita, na kwa mashuka hayo nikapanga nyumba hii baada ya mume wangu kufariki. Vyumba viwili, sebule, jiko la nje, na ukuta mmoja tunaochangia na jirani, mama fundi cherehani.

Mwanangu alipooa nilimwambia alete mke, chumba kipo. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtaani wanamwita Cheche. Mkewe ni msusi. Wakapata mtoto wa kike, nyumba ikajaa, nami nikajisemea uzee wangu umepata pa kukaa. Mtoto mwingine wa kumzaa sina. Ni huyo huyo mmoja.

Na huyo mmoja alikuwa anampiga mkewe.

Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu nikiifuta. Sasa na ikae.

Alianza kumpiga wakati mjukuu wangu ana mwaka mmoja. Mara nyingi ilikuwa Jumapili mchana, siku ambayo hana kazi. Jambo dogo lilitosha: chumvi kuzidi, simu kuita bila kupokelewa, mteja wa nywele kuchelewa kuondoka. Mlango wa chumba chao unafungwa. Nami niliye sebuleni nilikuwa na kazi yangu moja tu. Naongeza sauti ya redio.

Sababu nilikuwa nazo, na kila nilipozitazama niliziona nzuri. Ukuta ni mmoja, jirani asisikie. Mkaza mwanangu kesho anakwenda kusuka vichwa vya watu, wasije wakamkodolea macho. Mficha maradhi kifo humuumbua; methali hiyo niliinakili ubaoni nikiwa darasa la nne, mwalimu akanipigia makofi. Kuijua hakukunisaidia kitu. Taarifa ya habari, mahubiri, mpira, matangazo ya sabuni, chochote kilichokuwepo nilikipandisha, mpaka kitufe cha sauti kikalika, namba zake zikafutika. Majirani wakanibandika jina, Bibi Redio, nami nikawa naitika.

"Bibi Redio, jana nani kashinda?" mama fundi cherehani ananiuliza Jumatatu, pini zimemjaa mdomoni.

"Sikusikiliza vizuri."

"Hee. Sisi huku tumesikia mpaka refa alivyokohoa."

Tunacheka, mimi naingia ndani.

Mchezo wetu mimi na mjukuu wangu ni vitendawili. Sasa ana miaka tisa, na nyumba nzima hakuna anayemshinda. Jioni tunakaa uani tukichambua mboga, mimi natega, yeye anategua kabla sijafunga mdomo. Redio nilimtegea zamani, akiwa na miaka mitano: "Mgeni wangu hali wala hanywi, ukimnyonga sikio anapiga kelele." Alilijua jibu siku hiyo hiyo.

Mwaka huu, Jumapili moja, kidole cha mama yake kikavunjika. Kidole cha shahada, mkono wa kulia, kile kinachogawa nywele. Msusi bila kidole hicho ni cherehani bila sindano. Nilimsindikiza hospitali, ile ile niliyofulia. Mkaza mwanangu akamwambia daktari amebanwa na mlango. Daktari akanigeukia mimi, mtu mzima.

"Ndiyo," nikasema. "Mlango."

Njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Hakuninunia, alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba maji mbali akakuta mtungi una tundu.

Jumanne yake tukawa uani, mimi na mjukuu. Mama yake alikuwa ndani, amelala na mkono juu ya mto.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Bibi akimnyonga sikio huyu, anayelia ni yule."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu, nikakiweka chini. Niliangalia majani kwenye sinia kana kwamba jibu lingetoka humo.

"Nimeshindwa," nikasema. "Nakupa mji."

Mwenye vitendawili anajua: ukishindwa unatoa mji, mtegaji anajisifu amekwenda huko, amekula, amekunywa, kisha anakutajia jibu. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo mara ya kwanza kutoa mji huku jibu ninalo.

"Mji wako siutaki, Bibi," akasema bila kukasirika. "Jibu unalijua."

Akaendelea kuchambua mboga.

Ijumaa mkaza mwanangu alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Sikuambiwa. Nilijua siku nne baadaye, nilipomkuta chumbani kwao amevuta begi kutoka chini ya kitanda, anakunja sare za mtoto kwa mkono mmoja. Mumewe alikuwa kazini.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwa mama mdogo."

"Kuna chumba kimoja pale, na wao wako sita."

"Tutakuwa wanane, basi."

Nikakaa kitandani. Akaona siondoki, akanieleza, taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. Alikwenda kushtaki. Afisa alimsikiliza vizuri, akasema anahitaji shahidi, hata mmoja. Jana afisa mwenyewe amekuja mpaka kwa jirani. Mama fundi cherehani kasema alichowahi kusikia kutoka kwetu ni redio.

"Na hii nyumba?" nikauliza. "Kwa nini uondoke wewe na mtoto, asiondoke yeye?"

"Nimeuliza hivyo hivyo. Nikaambiwa mwenye jina kwenye mkataba ndiye mwenye kauli nani akae na nani atoke."

"Jina ni langu."

"Najua, Mama."

"Mbona hukuniambia?"

Akanyoosha kola ya sare ambayo ilikuwa imeshanyooka. "Ningekuambia nini? Mfukuze mwanao? Unaye mmoja."

Alikuwa hawezi kufunga zipu kwa sababu ya kidole. Nikamsogelea nikaishika, nikaivuta mpaka katikati, hapo ndipo nikaona ninachokifanya: namsaidia kuondoka. Miaka yote hiyo sijamsaidia lolote jingine.

"Nenda kwa mama mdogo," nikamwambia. "Lakini mtoto usimhamishe shule. Nipe wiki mbili."

"Za nini?"

"Nipe tu."

Aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. Hapakuwa na tumaini katika macho yale, palikuwa na adabu.

Kesho yake nikaweka mkataba kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda ofisini. Nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa nne na nusu. Afisa ni binti, ana kalamu iliyofungwa kamba kwenye meza isiibiwe.

"Bibi, wewe ni nani kwa huyu mlalamikaji?"

"Mama mkwe."

Akaiachia kalamu, ikaning'inia. "Umekuja kumtetea mwanao."

"Nimekuja kusema nilichosikia."

"Jirani anasema ilikuwa redio."

"Redio niliifungulia mimi."

"Kwa nini?"

"Ili yasisikike."

"Yapi, Bibi?"

Nimebeba mashuka yaliyolowa damu na maji ya moto, kilo kwa kilo, ngazi mbili kwenda juu. Hayakuwahi kuwa mazito kama neno nililotakiwa kulitoa pale. Nikaanza na kidole. Nikarudi nyuma. Nikasema kitanda kilivyokuwa kikigonga ukuta. Nikasema jinsi mkaza mwanangu alivyokuwa halii kwa sauti, alikuwa anasema neno moja tu, "mtoto yuko nje, mtoto yuko nje," mpaka nami namsikia chini ya sauti ya mtangazaji. Nikasema hata yale niliyodhani nimeyasahau. Binti aliandika kurasa tatu, akanisomea zote, na kusomewa kukawa kubaya kuliko kusema.

"Sikiliza, Bibi," akasema. "Mwanao anaishi pale kwa ruhusa yako. Ukiiondoa kwa maandishi, na ushahidi huu ukiwepo, tunampa barua ya siku saba. Akikaidi, polisi. Akimfuata mkewe baadaye, polisi vilevile. Lakini ukishatia sahihi, usinijie keshokutwa kuniambia alikuwa na hasira tu. Akina mama wengi hunijia hivyo."

"Sitakuja."

"Una watoto wengine?"

"Sina."

Akanisogezea kalamu na kamba yake.

Alitaka barua ipelekwe na mjumbe. Mimi nikakataa. Nikasema barua leteni, lakini neno atalisikia kwangu, asije akasema ametolewa na karatasi. Tukavutana mpaka tukakubaliana: iwe mchana, mlango uwe wazi, mkewe na mtoto wasiwepo, naye afisa na mwenye nyumba wakae kwa jirani, wawe wanasikia.

Nikaenda kumwomba mama fundi cherehani viti viwili.

"Leo Bibi Redio anapokea wageni?" akauliza.

"Leo redio imezimwa. Nasema mimi."

Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. "Bibi, mimi nilijua."

"Ulimwambia afisa umesikia redio."

"Na niliisikia. Mahubiri yanaendelea, ghafla katikati ya sala yanapanda mpaka vyombo vyangu vinatikisika. Mtu gani anasali hivyo? Nilijua. Nikasema, kama mama wa nyumba hataki tusikie, mimi nani?" Akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Walete."

Mwanangu alirudi saa saba mchana kula, macho mekundu kwa kazi, mikono myeusi. Nilimwacha amalize. Mama hamfukuzi mtoto tonge likiwa mdomoni.

"Mwanangu, katika nyumba hii utatoka."

"Tunahama?"

"Wewe."

Akatabasamu, akachokonoa meno. "Huyo mwanamke amekujaza maneno kabla hajaondoka."

"Hajanijaza. Nina masikio, nimesikia miaka minane."

"Hayo ni mambo ya mume na mke, Mama. Hata wewe uliolewa."

"Kidole si mambo. Kidole ni mfupa."

Nikampa barua. Alisoma mpaka mwisho, akaanza tena. Tabasamu likaondoka, si kwa ghafla, lilikwenda kama maji yanayokauka kwenye sakafu.

"Nani atakupeleka hospitali ukianguka? Yeye?"

"Sijui."

"Nani atakuzika?"

"Watakaokuwepo."

"Hizo nondo za dirisha nimezichomelea mimi. Mlango huo nimeutengeneza mimi, kwa vyuma vyangu, ule wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa, nawe ulikuwa unalala na hofu."

"Ni kweli. Nilikushukuru, na sasa nakushukuru tena."

Hapo akawa anaiangalia redio iliyo juu ya kabati. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, ile ya utotoni alipokuwa akinieleza nani kamchokoza shuleni.

"Ulikuwa unaongeza sauti, Mama. Kila mara. Nilijua umesikia, na nilijua unaongeza sauti. Nilidhani uko upande wangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikujiandaa. Niliyafikiria maneno mengi ya kumjibu na yote yalikuwa ya uongo.

"Nilikuwa upande wa majirani wasijue," nikasema. "Sasa wanajua. Wako hapo, wanatusikia."

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa kimya. Hata mguu haukukanyaga.

Akasimama, akainua mkono. Nikafumba macho, mwili wote ukajikunja wenyewe, mimi mama yake niliyemwogesha. Nilipofumbua, alikuwa ameshachukua kofia yake msumarini, juu ya kichwa changu. Aliniona nilivyojikunja. Nadhani aliniona. Akatoka.

Siku saba hizo tuliishi wawili. Nilipika, akala kazini. Nilifunika sahani yake, asubuhi nikaifunua. Siku ya kwanza alisahau, akanipa shikamoo kama kawaida, nami nikaitikia marahaba, halafu akakumbuka. Kuanzia siku ya pili hakunipa. Yanapita maisha, mtu anadhani shikamoo ni neno la kupita tu, mpaka anyimwe na mtoto aliyemfundisha kulitamka. Usiku nilisikia anakohoa, ule moshi wa vyuma unamkaa kifuani. Nilitamani kumpelekea maji ya moto. Sikumpelekea.

Siku ya saba alikuja na mtu wa mkokoteni. Wakapakia godoro, sanduku la vifaa, nguo. Mwenye nyumba alikuwa amekuja kusimamia, mzee mwenye nyonga mbovu, amejikunja kwenye fimbo yake. Nikadhani wamemaliza. Mwanangu akarudi na bisibisi na nyundo, akapiga magoti, akaanza kufungua bawaba za mlango wa mbele.

"Wewe, hiyo ni nyumba yangu," mwenye nyumba akasema.

"Nyumba yako. Mlango wangu."

Mzee akanigeukia. Nikamwambia, "Mwache."

Waliubeba wawili, wakaulaza juu ya godoro. Mkokoteni ukashuka na njia, mlango umelala chali na kufuli lake. Hakugeuka. Nilimwangalia mgongo mpaka kona, na baada ya kona nikaendelea kuangalia kona.

Kisha nikavuta kiti, nikakaa pale mlango ulipokuwa, maana nyumba haiwezi kuachwa wazi. Nikampigia simu mkaza mwanangu.

"Ametoka," nikasema.

"Kweli, Mama?"

"Kweli. Na mlango amekwenda nao."

Akacheka. Ilikuwa miaka sijasikia kicheko chake, nilikuwa nimesahau kwamba huanzia puani. Alicheka mpaka kikageuka kilio, nami nikaishikilia simu sikioni mpaka alipomaliza. Sikuongeza neno wala kupunguza.

Walifika kabla jua halijazama. Mama fundi cherehani alikuwa ameshashona vitanzi kwenye shuka nene, tukalitundika. Kesho yake mwenye nyumba akaleta mlango wa mbao kutoka stoo yake, na kufuli jipya lenye funguo tatu. Mkaza mwanangu akachukua mbili. Ya tatu akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake.

"Hii ni yako," akasema. "Nakushukuru, Mama. Lakini sijakusamehe. Nisikudanganye."

"Najua."

"Sijui itakuwa lini."

"Usinipe tarehe."

"Na redio..."

"Nimeshampa mama fundi."

Akaitika kwa kichwa. Kidole kinaunga, ingawa hakitanyooka kama mwanzo. Anajifunza kugawa nywele kwa kidole cha kati. Wateja wake wawili wamerudi. Ananiheshimu, ananiita Mama, ananipakulia kwanza. Tukishakula anamchukua mtoto wanaingia chumbani kwao, nasikia wanaongea na kucheka kwa sauti ambayo nyumba hii haikuijua. Wananiamini kiasi cha kucheka nikiwa upande wa pili wa mlango. Nakaa sebuleni na hicho kiasi. Jumapili mchana ni ndefu sana siku hizi.

Mwanangu amepata chumba nyuma ya karakana anakofanya kazi. Hilo nilisikia kwa watu. Wiki iliyopita nikapika viazi na nyama, nikaweka kwenye bakuli lenye mfuniko, nikafunga kwa kitambaa. Sikumwambia mkaza mwanangu ninakokwenda, na yeye, aliponiona na kitambaa, hakuuliza.

Karakana iko wazi mbele, vyuma vimeegemezwa mpaka barabarani. Alikuwa ameinamia fremu ya dirisha. Amekonda. Akainua uso akaniona, tukaangaliana, labda muda wa kuhesabu mpaka tano. Mdomo wake ulisogea, nikadhani ananiamkia. Kisha akashusha kinyago cha kuchomelea mpaka kidevuni, akawasha moto.

Moto ule hautazamwi kwa macho matupu. Nikageuza uso, nikaliweka bakuli juu ya pipa lililokuwa karibu, mahali ambapo cheche hazifiki, nikarudi nyumbani polepole, nikijiambia nisipotembea haraka pengine ataita.

Bakuli halijarudi. Nami sijaenda kulidai.